Burkitt: Daktari aliyeisaka saratani kwa sajili na ramani

HAKUWA na kompyuta. Dkt Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa na faili, stempu na jicho moja.

Jicho la pili alilipoteza akiwa na umri wa miaka 11 nchini Ireland, alikozaliwa mwaka wa 1911. Ndugu ya babake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri wa upasuaji jijini Nairobi. Denis mwenyewe alitumwa Uganda mwaka wa 1946, akaanzia Lira.

Mwaka wa 1957, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili. Majuma machache baadaye, Burkitt akamkuta mwingine Jinja. Huyo wa pili ndiye aliyempeleka kwenye faili za Mulago.

Bahati ilikuwa upande wake. Tangu 1954 Kampala ilikuwa na sajili ya saratani, kazi ya mwanapatholojia Jack Davies. Davies na mwenzake Greg O'Conor walipopitia kumbukumbu za maabara, waligundua kwamba vivimbe vilivyopewa majina mbalimbali kulingana na kiungo vilikuwa ugonjwa mmoja wa tezi za limfu, uliochangia karibu nusu ya saratani za watoto.

Burkitt alipewa ruzuku ya pauni 25 tu. Alichapisha karatasi za maswali zenye picha, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani. Majibu yaliporudi, alichomeka pini kwenye ramani. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kilomita 16,000 kwa gari kuukuu, wakiutafuta mpaka wa kusini wa ugonjwa huo.

Walibaini kuwa mpaka ulifuata joto, mvua na mwinuko. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana juu ya takriban mita 1,500. Nairobi, na zaidi Kinoo, ziko juu ya kiwango hicho. Ramani hiyo ilishabihiana na ya malaria.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubu London. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na 1964 kirusi kikatangazwa, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kufikia wakati huo, baadhi ya watoto walikuwa wakipona kwa dawa.

Burkitt aliondoka Afrika 1966, akapata umaarufu mkubwa zaidi, pengine usiolingana na kazi yake ya Mulago, kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 1993. Sajili ya Kampala, iliyofifia katika miaka ya 1980, ilikuwa imefufuliwa.