Michael Faraday na Vumbi la Dhahabu

Wengi wetu tulilisikia jina la Michael Faraday shuleni, tulipofundishwa habari za umeme. Safari hii tungependa kuwaeleza wasomaji kazi yake nyingine, isiyotajwa sana.

Faraday alizaliwa mwaka 1791 kusini mwa London, mtoto wa mhunzi maskini. Alisoma shule kidogo tu. Alipokuwa kijana aliwekwa kwa mjalidi wa vitabu ajifunze kazi, naye akavisoma vitabu alivyovijalidi. Mwaka 1813 mwanasayansi Humphry Davy alimpatia kazi ya msaidizi katika Royal Institution, akadumu humo karibu maisha yake yote. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa huzaa umeme.

Alipofikia miaka 65, kumbukumbu ilikuwa imeanza kumpotea. Hata hivyo hakuketi bure. Alitaka kujua: je, dhahabu ikivunjwa chembe ndogo hata isionekane kwa hadubini, hubaki dhahabu? Basi alipitisha umeme mkali kwa ghafula katika waya mwembamba wa dhahabu. Waya ukalipuka ukawa kama moshi, na vumbi lake likatua juu ya kioo, likiwa na rangi nyekundu na zambarau. Ili mtu asiseme ni hewa iliyoibadili, alirudia jambo hilo ndani ya gesi ya haidrojeni. Dhahabu ilikuwa ni ile ile.

Kisha, kwa kutumia fosforasi, alipata maji yenye dhahabu, mekundu kama divai. Alipoyapitishia mwali wa mwanga, njia ya mwali ilionekana, kama jua liingiapo katika chumba chenye vumbi. Akajua kuwa yamebeba chembe ndogo mno. Mwaka 1857 aliyaeleza hayo mbele ya Royal Society. Katika karne ya 20, hadubini za elektroni zilionyesha chembe za namna hiyo waziwazi.

Faraday alikuwa mzee wa kanisa lake dogo la Wasandemania kwa vipindi viwili. Alikataa kuwa rais wa Royal Society, na cheo cha heshima pia. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate bila fahari.

Sisi tuliostaafu tuna la kujifunza hapa. Kwa kuwa akili ilisahau, daftari lilikumbuka: kila jaribio aliliandika na kulitia namba. Uzee haukumzuia kutazama kwa makini kazi ya Muumba, hata katika chembe isiyoonekana kwa macho.