Munganga Kocher na swali la masasi

Mama zetu wanaofanya kazi ya uuguzi wanajua pince de Kocher, ile inayofanana na makasi, yenye meno kwenye ncha, munganga anakamatisha nayo mshipa wa damu ili usivuje. Wengi hawajui kama Kocher lilikuwa jina la mtu. Na ninyi wachimbaji, bega likiteguka, kuna namna ya kulirudisha ambayo yeye aliifundisha mwaka 1870: kiwiko kinakunjwa, mkono unazungushwa inje polepole, unainuliwa, kisha unarudishwa ndani.

Theodor Kocher alizaliwa Bern, kule Uswisi, mwaka 1841. Alisoma uganga palepale, halafu akatembea Berlin, London na Paris kuangalia wakubwa wa kazi wakipasua. Mwaka 1872, hana hata miaka 31, akapewa kiti cha profesa wa upasuaji Bern, na hakukiacha mpaka kufa.

Tunamleta hapa juu ya masasi. Siku moja, ndugu wasomaji, sisi wa sendika tulibeba kamarade aliyepigwa kwenye paja. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, la kutokea lilitosha ngumi nzima. Usiku ule tulibishana sana. Wengine walisema masasi yalikuwa na sumu, wengine kwamba yanapasuka kama dinamiti. Kumbe ubishi huu ni wa zamani, na Kocher njo aliyeutafutia jibu kwa kazi ya mikono.

Ile wakati askari wa Uswisi walikuwa na bunduki ya Vetterli, masasi yake ya plomb tupu, unene milimita 10.4. Waganga waliona mifupa imesagika na nyama imechanika kupita kiasi. Wengine walifikiri plomb inayeyuka kwa moto, wengine walisema ni upepo. Kocher, ambaye naye alikuwa munganga wa jeshi, akaanza kupiga vitu: mbao, vioo, mafuvu ya maiti, mikebe. Mkebe mtupu ulitoboka matundu mawili tu, basi. Mkebe uliojaa maji ulipasuka wote. Na mwili wa mtu umejaa maji! Masasi yakienda mbio yanasukuma maji pande zote, na hayo maji njo yanayochana. Plomb laini, ikigonga mfupa, inapanuka kama uyoga, basi inazidi kuharibu.

Kwa hiyo akashauri masasi yawe membamba na magumu, yasipanuke. Mwenzake Eduard Rubin, wa kiwanda cha silaha cha Thun, alikuwa anatengeneza masasi madogo yenye koti la shaba, shaba sawa hii tunayochimba sisi. Mwaka 1889 Uswisi ikachukua bunduki mpya ya milimita 7.5. Mwaka 1894, kwenye mkutano wa waganga Roma, Kocher akaeleza waziwazi kwamba masasi yanatakiwa kumtoa askari vitani, si kumharibu asipone tena. Sisi hatumfanyi mtakatifu: alitengeneza dawa ya kidonda bila kuuliza kwa nini mtu apigwe. Na mbio za masasi mapya ziliongezeka, hata kama alijua mbio ndizo zinazopasua.

Lakini wakubwa wa jeshi la Uingereza hawakufurahi. Vitani Chitral, kaskazini ya Uhindi, mwaka 1895, walilalamika kwamba masasi yenye koti yanapita tu, na adui anaendelea kuja. Kiwanda chao cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kikaondoa koti kwenye ncha, plomb ipanuke tena.

Mwaka 1899 mataifa yakakutana La Haye, yakakataza masasi yanayopanuka. Uingereza na Marekani zilikataa. Jenerali Ardagh wa Uingereza alieleza kwamba askari wa Ulaya akitobolewa anakwenda kulala kwenye ambulansi, lakini mshenzi hasimami. Na tena, katazo lilifunga mataifa yaliyotia sahihi, yakipigana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka huo sisi tulikuwa mali ya Léopold II, na babu zetu waliijua Albini ya Force Publique, masasi yake ya milimita 11. Hakuna aliyewaita La Haye.

Kocher alipata Nobel mwaka 1909, si juu ya masasi, bali juu ya goita, ule uvimbe wa shingo. Alipasua maelfu ya watu. Mwanzoni alikuwa anatoa tezi lote, na mwaka 1883 alisimama mbele ya wenzake akasema wagonjwa wake wamelegea akili na mwili kwa sababu ya mkono wake. Tunamheshimu zaidi kwa hilo.

Alikufa Bern mwezi wa saba 1917. Ulaya ilikuwa vitani mwaka wa tatu, na pande zote zilikuwa zinapigana kwa masasi membamba yenye koti.