Nettie Stevens na swali la mtoto wa kike au wa kiume

Mama, ukiwa mjamzito huku Mgeta, swali la jinsia ya mtoto hulikwepi. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo aliyezaa wavulana watupu huulizwa ukoo utaendelezwa na nani. Aliyeolewa kwa watu wa nje ya milima husemwa kwa kuzaa mabinti tu. Lawama zote mbili humwangukia mwanamke, na aliyesaidia kuziondoa kwa ushahidi alikuwa mwanamke pia.

Nettie Stevens alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Vermont, Marekani. Baba yake alikuwa seremala. Alifundisha shule kwa miaka mingi huku akidunduliza fedha, na alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa na miaka 35. (Binti uliyejifungua ukadhani umechelewa kurudi darasani, soma tena hapo.) Mwaka 1903 alipata shahada ya uzamivu katika chuo cha Bryn Mawr.

Hapo alichunguza wadudu wa unga kwa hadubini, jamaa ya hawa unaowachekecha kwenye unga uliokaa muda mrefu. Alihesabu kromosomu, yaani vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi. Jike alikuwa na 20 kubwa. Dume alikuwa na 19 kubwa na moja ndogo. Maana yake mayai yote ya jike ni ya aina moja, lakini mbegu za dume ni za aina mbili, na mbegu inayorutubisha yai ndiyo inayoamua jinsia. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1905. Edmund Wilson alitoa yanayofanana mwaka huohuo, na sifa nyingi zikaenda kwake. Kwa binadamu pia jinsia hutokana na mbegu ya baba, ila baba naye asilaumiwe, kwani hachagui mbegu.

Stevens alifariki mwaka 1912 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 50.

Baadaye wengine waliendelea na swali hilo hadi kwenye kondo la nyuma. Kondo hutokana na yai lilelile lililorutubishwa, kwa hiyo lina jinsia ya mtoto, si yako. Watafiti wameona kondo la mvulana na la msichana hufanya kazi kwa tofauti kidogo, na wavulana huzaliwa njiti mara nyingi kidogo kuliko wasichana. Tofauti hiyo huioni kwa umbo la tumbo wala kwa wingi wa kutapika.

Huduma unayohitaji ni ileile. Anza kliniki mapema, meza vidonge vya kuongeza damu, na kunywa dawa ya kukinga malaria unapopewa, maana vimelea vyake hujificha kwenye kondo na kumnyima mtoto chakula. Ukitokwa damu, ukaumwa sana kichwa, ukaona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda kituoni siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha barabara zetu zinateleza, kwa hiyo usingoje jioni.