Ibn Khaldun na Mageuko ya Desturi za Watu

Sheikh Abdul-Rahman bin Muhammad, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la mababu zake, Ibn Khaldun, alizaliwa mjini Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 wa Hijra, yaani mwezi wa Mei 1332. Asili ya jamaa zake ni Hadhramaut, nchi ambayo nyumba nyingi za miji yetu ya pwani hurejeza nasaba zao huko. Lakini wazee wake yeye hawakungoja kaskazi. Walielekea magharibi hata wakafika Andalusi, wakakaa Seville, mji ambao Waarabu wakiuita Ishbilia, wakawa miongoni mwa wakuu wake kwa muda wa karne nyingi. Walipoona kuwa adui yu karibu walihama, na mji ukaangukia mikononi mwa mfalme wa Castile katika mwaka 1248. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na makuu kisha yakaiondokea, na mwenye kuzaliwa katika nyumba kama hiyo huanza mapema kuuliza mambo huondokaje.

Alisoma Qurani, hadithi, fiqhi ya Imamu Malik, nahau na mashairi, kwanza kwa baba yake kisha kwa wanavyuoni wa mji. Katika mwaka 1347 Sultani Abul-Hasan wa Fez aliiteka Tunis, akaja na maulamaa wengi katika msafara wake, na kijana akapata kwao elimu ambayo asingaliipata mjini kwake. Mkubwa wa walimu wake hao ni al-Abili, aliyemsomesha mantiki na hisabu. Haukupita muda ikaja tauni kubwa ya mwaka 1348. Ikachukua baba yake na mama yake na wengi katika walimu wake. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba tauni ile iliikunja sehemu kubwa ya ustawi wa dunia, ikafuta njia na alama zake, ikaacha majumba matupu, hata ikawa kana kwamba viumbe vimeumbwa upya. Na kwa hivyo yatakikana mtu wa kuandika hali ya ulimwengu mpya kama alivyoandika al-Masudi hali ya ulimwengu wa kale.

Katika mwaka 1354 alikwenda Fez, akaingia katika ukatibu wa Sultani Abu Inan. Huko alikuwako mtu ambaye jina lake si geni kwetu, naye ni Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa katika mwaka 1331 akielekea Kilwa. Mzee huyu alikuwa amerudi na khabari za India na wafalme wake, na watu wa baraza ya Sultani wakanong'onezana kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun naye akaingiwa na shaka, akamwendea waziri Faris bin Wadrar. Waziri akamtahadharisha asikanushe mambo ya dola za watu kwa kuwa tu hakuyaona, akampigia mfano wa waziri mmoja aliyefungwa na mfalme wake pamoja na mwanawe mdogo. Mtoto yule akakulia gerezani. Alipopata akili akamwuliza baba yake nyama wanayokula ni ya nini. Akaambiwa ni ya kondoo, akaelezwa kondoo alivyo. Naye, kwa kuwa hakupata kuona mnyama ila panya, akadhani kwamba kondoo ni jamii ya panya. Kisa hiki Ibn Khaldun alikitia katika kitabu chake. Na kwa hakika kitabu chote chaweza kusomwa kama sherehe ya kisa hiki, kwani zama anazoishi mtu ni gereza vile vile, na aliye ndani hupima kila kitu kwa panya wake.

Kisha siasa ikamchukua. Mwaka 1357 Abu Inan alimtia gerezani kwa shuku, akakaa humo karibu miaka miwili mpaka Sultani alipokufa. Akavuka kwenda Granada, na mfalme wake akamtuma kwa Pedro, mfalme wa Castile, mwaka 1364. Hivyo akaingia Seville akiwa mjumbe, akatembea katika mji wa wazee wake na kuona athari zao. Pedro alimtaka akae, amrejezee mali ya jamaa zake, akakataa. Baadaye akawa waziri mkubwa wa Bijaya, kisha akatumikia upande huu, kisha upande ule, mara nyingine akihamia kwa mtu aliyempindua bwana wake wa jana. Wako waliomwita kigeugeu, nasi hatuna haja ya kumtetea katika kila hatua. Lakini kazi hiyo ilimpeleka katika mahema ya makabila ya jangwani kutafuta askari na kupatanisha wakubwa, na huko aliona jambo ambalo makatibu wa mijini hawakuliona: kinachowafanya watu mia wawe mkono mmoja, na kinachoufanya mkono huo ulegee.

Hata mwaka 1375 alichoka. Akajitenga na jamaa zake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akakaa huko karibu miaka minne. Mnamo mwaka 1377 aliandika kwa muda wa miezi mitano utangulizi wa tarehe yake, ndio unaojulikana kwa jina la Muqaddima.

Katika utangulizi huo ametaja makosa ya waandishi wa tarehe, na moja alilolitilia nguvu ni kusahau kwamba hali za watu hugeuka. Mageuko haya, asema, ni maradhi ya siri. Hayadhihiri ila baada ya vizazi, na hawayatambui ila wachache. Akatoa mfano wa al-Hajjaj bin Yusuf, liwali wa Iraq aliyetisha watu. Wasomaji wa zama za Ibn Khaldun walisikia kuwa baba yake al-Hajjaj alikuwa mwalimu wa watoto, wakastaajabu mwana wa mwalimu kupandaje daraja ile, kwani ualimu katika siku zao ulikuwa kazi ya watu wanyonge watafutao riziki. Hawakujua kwamba katika zama za mwanzo za Uislamu kusomesha haikuwa kazi ya ujira. Ilikuwa amana ya kufikisha dini, na waliosomesha walikuwa watu wa heshima na wenye nguvu katika kabila zao. Jina la mwalimu lilibaki lile lile, na daraja yake ikaporomoka chini ya jina. Sijui kama uko mji wa pwani ambao habari hii haina maana kwake.

Mageuko haya yana mwendo. Watu hushikana kwanza kwa dhiki, na nguvu hiyo ya kushikana aliiita asabiya. Wenye asabiya hushinda, wakatawala, wakajenga. Kizazi cha pili chastarehe, lakini chakumbuka; kimewaona wazee na kujua walivyopata. Kizazi cha tatu kimesahau jangwa, chalindwa na askari wa kukodi, na kodi yazidi kila hazina inapopungua. Alihesabu kizazi kuwa miaka 40, na umri wa dola, mara nyingi, miaka 120. Nyumba ya sifa alihesabu huchukua vizazi vine: wa kwanza ameijenga; wa pili ameshuhudia; wa tatu afuata mwendo bila ya kujua sababu yake; na wa nne adhani kwamba utukufu ni haki ya kuzaliwa, akawadharau wale ambao bila wao hapangalikuwa na utukufu. Mwenye kujua chama, au chuo, au duka la ukoo lililoingia mikononi mwa wajukuu, hatataka maelezo zaidi.

Alieleza pia kwamba aliyeshindwa hupenda sikuzote kumwiga aliyemshinda, katika mavazi, katika vipando, katika desturi zote, kwani nafsi hudhani kuwa ushindi umetoka katika mambo hayo. Alitaja watu wa Andalusi wa zama zake, waliovaa kama majirani zao Wakristo, wakafuata desturi zao, wakachora sanamu katika kuta za nyumba zao. Akasema hii ni dalili ya kutawaliwa. Granada ilisalimu amri mwaka 1492, miaka 86 baada ya kufa kwake. Wazee wetu waliokuwa wakigombana barazani juu ya suruali na kofia za Kizungu waligombana juu ya suala hili hili, ingawa aghalabu waliishia penye nguo.

Na liko fungu moja la kitabu hiki ambalo kila mtu apendaye kutengeneza mambo yampasa alisome kwa utulivu. Amesema kwamba mwito wa dini hautimii bila ya asabiya, na kwamba wengi wenye nia safi husimama peke yao kuondoa maovu ya wakubwa, wakaangamia; kwani desturi zilizokwisha kukaa kama milima haziondolewi ila kwa nguvu ya watu walioshikana.

Sasa tazama lililompata mwandishi wa maneno haya. Katika mwaka 1382 aliiacha Tunis, ambako wenye kumhusudu walikuwa wamemchongea kwa Sultani, akafika Cairo, akastaajabia ukubwa wake. Akasomesha al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akampa ukadhi mkuu wa madhehebu ya Malik. Mahakama aliyoikuta ilikuwa imeoza. Mashahidi wa mahakama walikuwa watu wa wakubwa, na wengine walikuwa mafundi wa kuzitafutia wakf kasoro za sheria zipate kuuzwa. Wako waliojifanya mamufti bila ya elimu, wakimpa kila mtu fatwa aitakayo, huyu na hasimu yake pia. Ibn Khaldun aliwaadhibu, akawazuia, akakataa shufaa za maamiri. Na juu ya hayo alikataa kuvaa vazi la makadhi wa Misri, akabaki na vazi lake la Kimaghribi, na watu wakalihesabu jambo hilo kuwa ni kiburi na kupenda kuwa kinyume.

Alikuwa mgeni. Hakuwa na kabila hapo, wala wanafunzi wa miaka mingi, wala jamaa wa kumsimamia. Alikuwa na Sultani tu. Na katika siku hizo hizo jahazi iliyokuwa ikiwaleta jamaa zake kutoka Tunis, baada ya Barquq kuwaombea ruhusa, ilipigwa na tufani ikazama, ikapoteza mkewe na watoto na mali yake. Makelele ya mahasimu yalizidi na huzuni ikamlemea; akauacha ukadhi mwaka 1385. Mashahidi wakarudi kazini.

Twaweza kusema kwamba aliisahau elimu yake mwenyewe. Mimi naona kwamba aliijua vyema, akaona kuwa kadhi hana ruhusa ya kungoja asabiya ndipo ahukumu kwa haki. Ushahidi wangu ni kwamba aliporejezwa ukadhini mwaka 1399 alikwenda kwa ukali ule ule, akaondolewa tena, na jumla alishika kazi hiyo mara sita.

Kati ya mara hizo alionana na Timur. Mwanzoni mwa mwaka 1401 alikuwa Damascus, ambayo Timur ameizunguka, na Sultani wa Misri amekwisha kurudi Cairo kwa kuogopa fitina. Mzee wa karibu miaka 70 akateremshwa ukutani kwa kamba, akaenda katika hema ya mshindi yule, akazungumza naye kwa siku nyingi. Timur akamtaka amwandikie sifa za nchi za Maghribi, akamwandikia. Naye Ibn Khaldun akamweleza kuwa ufalme hupatikana kwa asabiya. Na bila shaka alikuwa akimtazama kwa macho mawili, moja la mtu anayeokoa roho yake, na moja la mwanachuoni aliyeona mbele yake kizazi cha kwanza, chenye nguvu zake zote. Damascus ikatekwa nyara, na Msikiti wa Banu Umayya ukaungua.

Alikufa Cairo siku ya 26 ya Ramadhani mwaka 808, yaani Machi 1406, siku chache baada ya kupewa ukadhi mara ya sita, akazikwa nje ya Bab al-Nasr katika makaburi ya Masufi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake kilipata wasomaji wake Istanbul, ambako waandishi wa dola ya Uthmaniya walikifasiri kwa Kituruki katika karne ya 18, wakitafuta humo dola yao imefika umri gani. Na mwishoni mwa karne ya 19 Sheikh Muhammad Abduh alimwendea Sheikh al-Anbabi, mkuu wa al-Azhar, akamweleza faida za Muqaddima, akataka isomeshwe katika msikiti ule ule ambao mtungaji wake alikaa kusomesha. Akajibiwa kuwa si desturi.