Bwana Saussure na masini ya nywele

Mwenye kushuka chini ya udongo anajua: joto ni lile lile, lakini hewa ikijaa maji, jasho halikauki na nguvu zinakwisha mbio. Mutu wa kwanza kupima vizuri yale maji ya hewa alitumia nywele ya kichwa.

Jina lake Horace-Bénédict de Saussure. Alizaliwa mwaka wa 1740 karibu na Genève, muji ambao leo ni wa Uswisi. Kwao walikuwa matajiri, na ku miaka 22 tu alikuwa tayari mwalimu wa masomo makubwa.

Bamama wetu wanajua vile mvua inaharibu nywele iliyonyooshwa. Nywele inakunywa maji ya hewa na kurefuka. Hewa ikikauka, inafupika. Lakini ni kidogo sana: nywele ya sentimeta 25 inaongeza karibu milimeta 5 tu. Saussure akaifunga upande mumoja, upande wa pili akauzungusha ku kagurudumu kadogo kenye mushale na kauzito. Nywele ikirefuka ao ikifupika, mushale unatembea kati ya 0 na 100. Mbele ya yote aliichemsha na soda kwa kutoa mafuta. Alipenda nywele laini za rangi ya zahabu, zisizojikunja. Zetu sisi angeziacha, na hatumukasirikii.

Mwaka wa 1783 akatoa kitabu. Deluc, naye wa Genève, aliyekuwa ametengeneza chombo chake cha pembe ya tembo, akamupinga kwa nguvu.

Tarehe 3 Agosti 1787 Saussure akafika juu ya Mont Blanc, mulima wa meta 4 800 hivi, pamoja na mutumishi wake na wanaume 18 wa kuonyesha njia na kubeba vyombo. Vitabu vinamusifu yeye. Sisi tunakumbuka pia ile migongo 18. Alikaa kule saa zaidi ya 4, akihema kwa shida, akipima. Hewa ilikuwa kavu sana kuliko ya Genève.

Mapinduzi ya Ufaransa yalikula mali yake. Mwaka wa 1794 mwili ukapooza, na akafa Januari 1799, na miaka 58. Masini yake haikufa: hata ndani ya karne ya 20, vituo vya hali ya hewa vilikuwa vinapima na nywele za watu.