Al-Razi na Mgonjwa Ambaye Hakusema Yote

Ukisikia jina Razi huenda fikra zako zikamwendea Imam Fakhruddin Razi, yule mwenye tafsiri. La, huyu ni mwingine. Huyu ni Abubakar Muhammad bin Zakariyya al-Razi, tabibu, aliyefariki zaidi ya miaka 200 kabla Imam huyo hajazaliwa.

Alizaliwa karibu mwaka 865 katika mji wa Rayy, ambao magofu yake leo yako kando ya Tehran, nchini Iran. Utabibu aliuanza akiwa tayari mtu mzima, lakini alipouanza aliushika kwelikweli. Akawa mkuu wa hospitali ya kwao Rayy, kisha wa hospitali ya Baghdad. Ni yeye aliyeandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua, na kingine cha mtu asiye na tabibu wa kumwendea. Maskini aliwahurumia sana. Alipofariki, karibu mwaka 925, makaratasi yake yakakusanywa yakawa kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi. Mwaka 1279 kilitafsiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakakitegemea kwa karne nyingi.

Sasa hebu tazama alivyokuwa akifanya kazi. Alikaa na wanafunzi wake, na nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi. Mgonjwa akiingia alieleza maradhi yake kwa wale wa nje kwanza. Wakishindwa, anaeleza kwa wanaofuata, mpaka shauri limfikie mwenyewe al-Razi. Yaani kabla ya dawa yoyote, ni maelezo!

Na pamoja na hayo yote, kuna siku maelezo yalipungua. Al-Razi mwenyewe alikiandika kisa hicho, wala hakujificha.

Alimjia mtu aitwaye Abdullah bin Sawada. Alikuwa na homa isiyoeleweka: mara kila siku, mara inaruka siku, mara inakaa siku sita ndipo irudi. Kabla ya homa hutetemeka kidogo, na haja ndogo ilimshika kila wakati. Al-Razi akapima mambo mawili. Ama hii ni homa ya vipindi, zinazofanana na malaria tunayoijua sisi, ama ni kidonda kwenye figo. Kwa kuwa mtu huyu alishawahi kuugua homa za vipindi, tabibu hakuweza kukata shauri.

Haukupita muda mwingi, mgonjwa akakojoa usaha. Kumbe ni figo!

Lililomchelewesha al-Razi ni nini? Abdullah alikuwa akisimama anahisi uzito kiunoni, kama kitu kinaning'inia. Hakusema, na tabibu naye alisahau kumuuliza. La pili, baba yake Abdullah alikuwa na udhaifu wa kibofu, na yeye mwenyewe hali hiyo ilikuwa ikimjia hata akiwa mzima. Hilo pia al-Razi hakulijua. Alhamdulillahi, alipojua ugonjwa alimtibu, na kwa muda wa kama miezi miwili akapona kabisa.

Ndugu yangu, dada yangu, pima mwenyewe. Ikiwa bingwa kama huyu alikwama kwa sababu ya neno moja la kiunoni na habari moja ya mzazi, je, daktari kijana aliyehamishiwa juzi dispensari ya mtaani kwenu, ambaye hajawahi kukuona, atajuaje?

Wengi wetu tukifika mbele ya daktari mpya tunaficha. Tunaficha kwamba tuliacha dawa za presha nusu njia. Tunaficha dawa za miti shamba tulizokunywa wiki nzima, au miraa, au mimba, au TB ya zamani. Wengine kwa haya, wengine kwa kuogopa kugombezwa. Lakini dawa ikigongana na nyingine mwilini haitazami haya yako.

Basi fanya hivi. Beba kadi au faili lako la zamani na pakiti za dawa unazotumia. Mweleze maradhi uliyowahi kuugua, upasuaji, na dawa iliyowahi kukudhuru. Mwambie wazazi wako wanaugua nini, iwe sukari, presha au moyo. Ikiwa jambo ni la siri, omba mzungumze wawili tu. Kutunza siri ya mgonjwa ni wajibu wake.

Na ikiwa ni Ramadhani, mwambie pia kwamba umefunga. Mwenye sukari anayetumia sindano au vidonge anaweza kushukiwa na sukari mchana akazimia, na daktari aliyejua mapema ataweza kumpangia dawa au kumshauri asifunge. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye tumeisoma sote madrasa, na hakuna wa kuionea aibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe ulimi wa kusema kweli hata mbele ya daktari. Amin.