Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Taratibu nyingi za usafi zinazofuatwa hadi leo katika maabara za hospitali na shule zilianzishwa au kuboreshwa katika maabara yake.

Maisha

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866. Akiwa daktari wa wilaya huko Wöllstein (leo Wolsztyn, Poland) alichunguza ugonjwa wa kimeta nyumbani kwake, na mwaka 1876 alieleza jinsi bakteria wake wanavyotengeneza spora. Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

Usafi na usalama wa maabara

Chombo kichafu humdanganya mtafiti, kwa kuwa bakteria wa hewani au mikononi huchanganyika na wale anaowachunguza. Kwa hiyo Koch alisisitiza kila aina ioteshwe peke yake. Mwaka 1881 yeye na wenzake walionyesha kwamba mvuke wa maji yanayochemka huua spora haraka kuliko hewa kavu yenye joto kubwa zaidi. Walionyesha pia kwamba asidi ya kaboli, iliyotegemewa sana wakati huo, haikuua spora za kimeta ipasavyo. Mwaka 1887 msaidizi wake, Julius Richard Petri, alieleza sahani yenye kifuniko cha kuzuia vumbi, ambayo bado ina jina lake.

Hatari ya kazi hiyo ilionekana mwaka 1883 huko Alexandria, Misri. Louis Thuillier, mtafiti kijana wa kikundi cha Ufaransa kilichoshindana na cha Koch, alifariki kwa kipindupindu walichokuwa wakikichunguza. Koch alihudhuria mazishi yake.

Afrika ya Mashariki

Koch alifika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mara ya kwanza miaka ya 1897–1898. Mwaka 1905 alichunguza homa ya papasi kwenye njia za misafara, akaona kwamba vijidudu vyake huingia katika mayai ya papasi na kurithiwa na watoto wao. Ugonjwa huo umejulikana sana mkoani Dodoma, ambako papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo za nyumba za tembe.

Miaka ya 1906–1907 alitibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Tukio hilo limebaki doa katika kazi yake.

Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.